Ukoka Kwenye Lango la Boma

Asubuhi ukuta wa magharibi ulipoanguka tulikuwepo watu wanne. Nilikuwepo mimi, Mama Zawadi, mfagiaji wa boma na mtunza funguo. Alikuwepo Mzee Barutwanayo, aliyenifundisha kazi, mjukuu wa Bigirindavyi aliyekuwa mpagazi wa misafara enzi za Wadachi. Alikuwepo Spesioza, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu Yohana. Tulikaa naye kambi moja Tanzania na tukarudi naye lori moja. Na alikuwepo Nyandwi, mlinzi, ambaye yeye hakukimbia popote, na mkewe Domitila ni binti wa shangazi yangu. Direkta wa ofisi yetu ya mambo ya kale, Bwana Leoni, hakuwepo. Alikuwa Gitega, akafika siku ya tatu. Nawataja kwa majina kwa sababu tangu nistaafu nimekutana na watu wengi sana wanaosema walikuwepo. Ukuta ungeona umati wote huo usingethubutu kuanguka.

Naandika haya kwa ajili yenu mliochukua funguo baada yangu. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkikuta herufi zimelala, ziacheni zilale. Mshahara sitauzungumzia. Ulikuwa unakuja, halafu unakwenda. Nataka mjue lile lango mnalolifungua kila asubuhi lilibaki vipi, maana nusura niliangushe kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilifika bomani kabla sijawa na kazi. Tuliporudi kutoka Tanzania, malori yalitushusha Muyinga, na sisi ambao mashamba yetu yalikuwa bado yana maneno tukapewa hifadhi mle ndani hadi komini, yaani serikali ya eneo, imalize kusikiliza kesi. Mimi, Spesioza na binti yangu Zawadi tulilala chumba cha kushoto cha lango, kile chenye matundu ya bunduki. Asubuhi nilikuwa nafagia, kwa sababu siwezi kula mahali pasipofagiliwa. Mzee Barutwanayo, aliyekuwa mtunzaji peke yake miaka yote ile, alisimama akaniangalia siku tatu. Ya nne akasema, "Mama, we unafagia kama mutu ameajiriwa."

Nikamwambia, "Na wewe, Mzee, unaangalia kama mtu anayeajiri."

Akacheka hadi akashika ukuta. Tulipopata shamba letu karibu na njia ya Buhinyuza nikawa napanda kilimani kila siku, na baadaye biro ya Gitega, ile ofisi ya Direkta, ikaniandika kazi.

Siku ya kwanza ya kazi alinikabidhi vifaa: jembe la mpini mfupi, ufagio, ndoo ya bati, na uzi wenye jiwe dogo mwishoni. Jembe na ufagio nilivijua. Uzi nikauliza ni wa nini. Akaushika juu ya ukuta, akaliacha jiwe lining'inie. "Uzi iko inasema ukweli," akasema. "Ukuta unaweza kukudanganya miaka kumi." Kisha akanionyesha kazi nyingine ambayo nataka muishike. Palipo na ufa, unachukua udongo wa kichuguu laini, unapaka juu ya ufa kama plasta ya kidonda, upana wa vidole viwili. Kila asubuhi unakwenda kuutazama. Udongo ukiwa mzima, ukuta umelala. Udongo ukipasuka, ukuta unatembea. Hakuna mtambo wa kunishinda hapo. Mlio na simu za kupiga picha, pigeni picha, lakini pakeni na udongo.

Historia alinifundisha tukiwa tunatembea. Alisema boma lenyewe lilijengwa na watu waliotembea, na mtu akikaa anaanza kuongeza chumvi. Wadachi walilijenga ili kulinda njia ya misafara. Njia ilitoka upande wa Gitega, ikashuka hadi kivuko cha mto Ruvubu, ikaendelea mpaka nchi ambayo sasa ni Tanzania. Ngozi na pembe zilikwenda kule. Chumvi, vitambaa na majembe vikaja huku. Kila mzigo ulitua langoni, ukafunguliwa, ukatazamwa. Askari wengi walitoka pwani, wakizungumza Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili cha kilima chetu kiliingia kwa mlango huo huo. Wakaja Wabeleji, wakaligeuza kituo cha kodi. Wakaja wanajeshi wa nchi. Ikaja miaka ambayo hakukaa mtu, popo tu. Ndipo tukaja sisi, kwa njia ile ile ya misafara, na mizigo yetu kichwani, na langoni hapakuwa na mtu wa kutufungulia mafurushi. Kila niliposimulia sehemu hiyo kwa wageni, niliwapeleka kwenye ghala la chumvi.

Wageni walikuwa shule nyingine. Mwanafunzi mmoja wa Gitega aliniuliza, "Bibi, uliwaona Wadachi?" Nikamwambia ningekuwa nimewaona, angelazimika kuniuliza kwa sauti kubwa zaidi, maana ningekuwa chini ya udongo. Mwalimu wake aliandika jibu hilo kwenye daftari. Sijui alilifanyia nini.

Sasa nije kwenye kosa.

Biro ya Gitega ilileta habari kwamba Bwana Leoni atakuja kuangalia kama boma letu linafaa kuingizwa kwenye orodha ya mahali panapotunzwa na nchi. Likiingia, litatengenezwa, litapata paa. Lisipoingia, matofali yake yatakwenda kujenga ghala la mahindi huko barabarani. Nikasema, boma hili litaingia kwenye orodha likiwa safi kama bibi harusi.

Ninyi vijana labda hamjui sisi tuliorudi tulivyoyachukia majani. Nyumba iliyokimbiwa kwetu inaitwa itongo, na itongo unalijua kwa majani. Ulikuwa unapita njiani miaka ile, ukiona majani yamepanda hadi mlangoni, unajua wenyewe wako mbali au hawako kabisa. Kwa hiyo mtu akirudi, kitu cha kwanza, kabla ya paa, kabla hata ya choo, ni kulima ua. Unalima mpaka udongo unang'aa. Ua mweupe ni tangazo: tumo, tumerudi. Mwanamke mwenye jani moja uani alisemwa kisimani.

Basi Jumamosi ya kazi za pamoja nikawaomba watu wote wa kilima waje bomani. Wakaja, waliorudi na waliobaki, na hiyo peke yake ilikuwa sherehe, kwa sababu kwenye mikutano ya mashamba walikuwa hawaketi benchi moja. Tuling'oa kila jani kuzunguka kuta. Nyandwi aling'oa ukoka wa langoni na mizizi yake, akautupa bondeni. Spesioza alifagia nyuma yake. Mchana uwanja ulikuwa mwekundu na laini, ungeweza kumwaga maharage ukayaokota yote. Tukapiga vigelegele. Mzee Barutwanayo siku hiyo alikuwa kwa mwanawe huko Makebuko, akiuguza mguu. Nilimsikitikia kwamba amekosa kuona.

Mvua za vuli zikaja. Maji yalipofika kwenye uwanja wetu mzuri hayakukuta kitu cha kuyashika. Yalikimbia moja kwa moja hadi mguu wa ukuta, yakalamba udongo chini ya mawe, siku baada ya siku. Udongo wangu wa kichuguu ulipasuka upande wa magharibi. Nikapaka mwingine. Ukapasuka. Nikapaka tena, nikajiambia ni udongo mbaya.

Asubuhi ile niliyoitaja, Mzee alikuwa ndiyo kwanza amerudi, na fimbo. Alisimama nje ya lango akautazama uwanja. Hakusalimia.

"Nani alinyoa hapa?"

"Sisi wote, Mzee," Nyandwi akasema kwa furaha. "Iko safi, si ndiyo?"

"Mama Zawadi, toka hapo kwa ukuta."

"Nafagia tu, Mzee."

"Toka!"

Nilitoka kwa sababu ya sauti, siyo kwa sababu ya akili. Nilikuwa nimepiga hatua labda nane. Ukuta wa magharibi haukupiga kelele kama nilivyodhani ukuta unavyopiga. Ulikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka, halafu ukalala. Vumbi lilipotulia ufagio wangu ulikuwa ndani ya matofali. Spesioza alinishika mabega akanitikisa, akinitukana kwa mapenzi, kama vile mimi ndiye niliyemwangukia.

Bwana Leoni alipofika siku ya tatu, alitembea kuzunguka boma, viatu vyake vimejaa tope. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa na baridi. Akaweka uzi wake mwenyewe langoni. Lango lilikuwa limeinama kidogo, na ufa umefunguka upande wa kushoto, juu ya kile chumba tulicholala.

"Mama," akasema, "bila lango hili si boma, ni rundo. Mi siwezi kuandika rundo kwenye orodha."

"Tupe muda, Bwana direkta."

"Muda nitawapa. Mvua ndiyo jaji. Masika ikipita na lango limesimama, na ufa haukuongezeka, naandika jina la boma. Ukiongezeka, nakuja na lori kuchukua matofali kabla hayajaua mutu."

Aliondoka. Nikaketi juu ya jiwe. Kwenye kilima kile hapakuwa na kitu kingine kilichosimama chenye umri mkubwa kuliko ugomvi wetu. Nyumba zetu ziliungua, za waliobaki zilibomoka, miti ilikatwa. Boma peke yake lilikuwa la watu wote, nami nilikuwa nimeliua kwa jembe. Sikulia mbele ya Nyandwi. Nilikwenda nyuma ya ghala la chumvi.

Tulijaribu mawe, tukajaza chini ya lango. Maji yakapita katikati ya mawe. Tulijaribu mifuko ya mchanga. Udongo wangu juu ya ufa ukaendelea kupasuka, polepole, uzi mwembamba kama unywele, lakini unapasuka.

Kisha likaja darasa la watoto wa shule kutoka Muyinga mjini. Nikawasimulia kama kawaida. Nikafika kwenye hadithi ya adhabu: mpagazi aliyeficha chumvi, askari walimtuma mtoni akachimbe majani pamoja na udongo wake, ayabebe kichwani kupanda kilima, ayapange chini ya ukuta. Mzee alinitajia hata mmoja, Mpozenzi, aliyebeba hadi nywele zikaisha utosini. Watoto walicheka hapo, huwa wanacheka hapo. Msichana mmoja hakucheka. Akaniuliza, "Bibi, kwa nini majani? Kama walitaka kumuumiza, si wangembebesha mawe?"

Miaka yote nimeisimulia hadithi ile bila kujiuliza hilo. Nikawaacha na mwalimu wao, nikamfuata Mzee Barutwanayo alipokuwa anaota jua.

"Mzee, kwa nini majani?"

"Majani gani?"

"Ya Mpozenzi."

Akanionyesha ardhi kwa fimbo. "Yashike udongo, maji isile ukuta. Kubeba ndiyo ilikuwa adhabu. Majani ilikuwa kazi. Mi nilijua we unajua!"

"Mbona hukuniambia, siku ile ulipokuta tumeng'oa?"

"Ningekuambia nini? Ukuta ilikuwa imeshalala, na uso wako umelala chini kuliko ukuta. Nilidhani mawe ikishindwa utarudisha majani mwenyewe."

Shambani kila mmoja wetu alikuwa anapanda majani kando ya mitaro yashike udongo, komini ilitufundisha na tukafuata. Ila akili ile tuliiacha shambani na jembe. Uani tulikuwa na akili nyingine.

Nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Nikawaambia Nyandwi na Spesioza kwamba Jumamosi tunashuka bondeni kuchimba ukoka, tunaurudisha langoni, kuzunguka boma lote. Nyandwi akacheka, akidhani natania. Alipoona sitanii akasema, "Mama Zawadi, mi nikapande magugu mbele ya mlango? Watu watasema uzee umekushika. Watasema tunafanya hapa itongo."

"Waseme."

Lakini Spesioza hakucheka. Alisimama mikono kiunoni. "Wifi, nilipofika kwa baba yangu, majani yalinifika hapa," akagusa kifua. "Niliyalima kwa kucha kabla sijapata jembe. Na wewe ulikuwepo. Leo unataka niyabebe kichwani niyarudishe? Mimi hapana. Tafuta mwingine."

Nilijua hasira ile kwa sababu nilikuwa nayo mwenyewe. Nikamwuliza, "Wifi, nyumba ya baba tuliijenga wapi?"

"Unajua wapi."

"Tulichimba msingi mpya?"

Akatazama bonde.

"Tulichimba msingi mpya, Spesioza?"

"Ule ule wa zamani," akasema. "Ulikuwa mzima."

"Miaka yote hiyo ya mvua, bila paa, bila mtu. Nani aliushika?"

Nyandwi alikuwa anatazama chini, na nikaona naye anapiga hesabu ya mambo aliyoyaona yeye aliyebaki. Akasema taratibu, "Kwa Karoli ambako wenyewe hawakurudi, msingi iko mpaka leo. Mi nikipita naiona. Kwa jirani yake, alilima pale viazi. Msingi ilienda na maji."

Spesioza alifunga kitenge chake upya, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo. "Jembe liko wapi?" akasema. "Na asiniimbie mtu hadithi ya Mpozenzi huko njiani. Nywele zangu nazitaka."

Jumamosi ile tulikuwa watatu tu, na Mzee akielekeza kwa fimbo. Watu walipita njiani wakituona. "Mama Zawadi, mtavuna lini?" "Nyoka watalipa kodi?" Mwanamke mmoja, jina nalijua ila ameshaomba radhi, alisema ua wangu wa nyumbani aje aukague. Spesioza akamjibu, "Njoo, na uje na jani lako moja la kupanda." Jumamosi ya pili Domitila alikuja na wanawake wa kwao. Ya tatu walikuja waliorudi na waliobaki, na walikuja, nadhani, kwa sababu ya kucheka zaidi kuliko kuamini. Sikujali. Mtu akicheka huku amebeba, mzigo unafika vile vile. Tukapanga ukoka vipande kwa vipande kama vigae, tukaukanyaga kwa miguu, tukachimba na mtaro juu ya lango uelekeze maji upande wa bonde. Mimi nikapaka udongo mpya juu ya ufa.

Masika ya mwaka ule ilikuja na mvua ya mawe. Alasiri moja mbingu ilishuka hivi kwamba hatukuona lango kutoka mlangoni mwa ghala, hatua ishirini tu. Tulisimama pale, mimi, Mzee, Spesioza na Nyandwi, tumebanana kama mbuzi. Maji yalikuja mekundu kutoka juu ya kilima, yana hasira, yamebeba matawi. Yalifika kwenye ukoka. Nikashika mkono wa mtu, nadhani wa Nyandwi, maana baadaye alilalamikia kucha zangu. Maji yakaingia kwenye majani, yakapunguza mwendo, yakawa kama yanauliza njia. Kisha yakageuka, yakaingia mtaroni, yakaenda zake bondeni.

Mzee Barutwanayo akasema, "Ego," yaani ndiyo. Hilo tu.

Kulipokucha nikaenda kwenye ufa kabla ya kunywa uji. Udongo wangu ulikuwa mzima. Nilipitisha kidole mara mbili, nikawaita wenzangu nao wapitishe. Spesioza alipiga kigelegele ambacho kiliitikiwa ng'ambo ya bonde na watu wasiojua kimepigwa kwa nini. Ukabaki mzima wiki ile, na iliyofuata, hadi mvua zikaisha.

Bwana Leoni alikuja kama alivyoahidi, na lori nyuma yake, na wanaume wenye nyundo na koleo. Alikuwa amekuja kubeba matofali; hakuficha. Watu wa kilima walikuwa wamejaa njia yote. Alishuka, akasimama mbele ya lango, ukoka wa kijani umefika miguuni mwake.

"Mama, hapa hapajafyekwa muda gani?"

"Hapatafyekwa kamwe, Bwana direkta. Tumepapanda."

Akaweka uzi wake. Jiwe lilining'inia, likatulia. Akapanda ngazi hadi kwenye ufa, akaona udongo wangu, akauliza umepakwa lini. Nikamwambia kabla ya masika. Akaugusa. Akauliza tena. Nyandwi akadakia, "Direkta, hata ukiuliza mara kumi, udongo iko na umri ule ule." Watu wakacheka, naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka. Aliketi pale pale kwenye ukoka, akatoa karatasi, akaandika jina la boma letu kwenye orodha mbele ya macho yetu. Akamwomba Mzee Barutwanayo ashike ncha ya karatasi kwa sababu ya upepo.

Kisha akatazama lori lake tupu, na wale wanaume na koleo zao. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Mama, Gitega tuna jengo moja la zamani. Uwanja wake tunaulima kila wiki. Ukuta wa nyuma umeanza kuinama."

Nikawageukia watu, nikawaonyesha bonde. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Lori lililokuja kubeba matofali liliondoka Muyinga likiwa limejaa ukoka hadi juu, na Spesioza ameketi mbele kwa dereva, akienda kuwafundisha watu wa Gitega kupanda magugu.

Sasa nakaa Musinzira, mtaa wa Gitega, kwa Zawadi, na macho yangu hayana nguvu ya zamani. Kuna jambo moja sina uhakika nalo. Mimi nasema Jumamosi ya pili aliyeleta wanawake ni Domitila. Spesioza anasema ni yeye aliyewaita, usiku wa kuamkia, nyumba kwa nyumba. Na mwanamke aliyetaka kukagua ua wangu nimempa maneno ambayo huenda yalisemwa na mumewe. Mzee Barutwanayo ameshatutoka, siwezi kumwuliza. Nyinyi ambao mko huko, waulizeni waliobeba. Nikiwa nimemwacha mtu nje, au nimempa mwingine kazi yake, njooni mniambie, niandike upya. Kalamu bado ina wino.